Gesi ya Kuponya Vidonda: Sisi wa Ziwani Tusiwe wa Mwisho

Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini sijui ni wangapi kati yetu wanaoamini kuwa ina ukweli wowote nje ya insha. Leo nataka kuwaonyesha kwamba imo hata ndani ya kitabu cha kemia cha Kidato cha Tatu, na tena inahusu vidonda vya watu tunaowajua.

Hoja yangu ni hii. Wanasayansi wanatengeneza unga wenye vitundu vidogo mno, unga ambao hubeba gesi na kuitoa polepole juu ya kidonda ili kipate kupona. Mimi nasema kwamba watu wa Migori na Homa Bay wana sababu kubwa ya kutaka utafiti huo uwafikie mapema. Tukikaa kimya na kusema, "Hayo ni mambo ya Ulaya," tutaupokea mwisho, kama kawaida yetu, na pengine kwa bei tusiyoiweza.

Gesi yenyewe si ngeni kwetu. Inaitwa naitriki oksaidi. Ukitia vipande vya shaba ndani ya asidi ya naitriki iliyopunguzwa makali kwa maji, gesi hiyo hutoka, nawe unaikusanya juu ya maji. Ndani ya chupa haina rangi. Ukifungua tu ikutane na hewa, inageuka kuwa kahawia na kuwasha pua, na darasa zima linakimbilia madirishani. Hiyo ya kahawia ni naitrojeni dayoksaidi, gesi nyingine kabisa, tena yenye sumu. Radi nayo hutengeneza naitriki oksaidi angani, na nyinyi mnajua kwamba radi za huku kwetu, kati ya Kisii na ziwa, si mchezo. Moshi wa magari unayo pia. Kwa hivyo wengi wetu tunaiandika daftarini pamoja na vitu vinavyochafua hewa, tunafunga daftari, basi.

Kumbe mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe, kila siku, hata sasa unaposoma ukurasa huu! Mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua kwamba gesi hii ni mjumbe ndani ya mishipa ya damu. Ikitolewa na ukuta wa mshipa, mshipa hulegea na kupanuka, na damu hupita vizuri. Chembe za kinga nazo huitumia kuua vijidudu. Mahali penye kidonda husaidia mishipa mipya kuota na nyama mpya kujengeka. Lakini mjumbe huyu haishi muda mrefu. Ndani ya mwili hudumu kwa sekunde chache tu, kisha ametoweka. Ndiyo maana haifai kuichukua mbali na kuileta. Ni lazima itolewe pale pale inapohitajika.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kidonda kisichopona mara nyingi hukosa damu ya kutosha na hukaliwa na vijidudu. Gesi ya kukisaidia tunaijua. Sasa utaifikishaje? Huwezi kumfunga mgonjwa mtungi wa gesi mguuni aende nao sokoni. Ukimwaga nyingi kwa pamoja, itageuka ile ya kahawia na kumchoma. Ukitia kidogo mno, hakuna kitu. Inatakiwa ghala ndogo ya kuikaa juu ya kidonda na kuitoa gesi kwa kipimo, saa baada ya saa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ili kuielewa ghala hiyo, mtazame mtungi wa maji wa nyanya, ule ambao kwa Kijaluo huitwa dapi. Mbona maji yake hupoa hata jua likiwa kali? Kwa sababu udongo uliochomwa una vitundu usivyoviona kwa macho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, hutokea nje kama jasho, hukauka, na yale ya ndani hupoa. Mtungi wa plastiki hauwezi, maana hauna vitundu. Makaa ya kupikia nayo ni hivyo hivyo. Kipande unachokishika mkononi kina vyumba vingi ndani kuliko nyumba zote za mji wa Migori, na ndiyo sababu makaa hunyonya harufu.

Wataalamu wamekwenda mbele zaidi ya mtungi na makaa. Mwaka 1756 Mswidi mmoja, Axel Cronstedt, alipasha moto jiwe fulani akaliona linatoa mvuke kama linachemka. Akaliita zeolaiti, yaani jiwe linalochemka. Maji yalikuwa yamekaa ndani ya vitundu vya jiwe hilo. Mawe ya namna hii yapo hata Afrika Mashariki, katika majivu ya volkano ya Bonde la Ufa, kama kule Olduvai nchini Tanzania na karibu na Ziwa Magadi hapa Kenya. Lakini ngoja kwanza, usikimbie kwenda kusaga mawe. Mengine, kama lile liitwalo eraionaiti, vumbi lake huleta saratani likiingia kifuani. Zeolaiti za dawa hutengenezwa na kupimwa maabarani.

Baadaye watu wakaanza kujijengea vitundu wenyewe. Huchukua chembe za metali na kuziunganisha kwa molekuli zenye kaboni, kama fundi anayefunga kiunzi cha nyumba kwa nguzo na fito, ila nyumba hii ni ndogo mno. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa ajili ya viunzi hivyo. Waliopewa ni Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani. Gramu chache tu za unga wa viunzi hivyo, ukitandaza kuta zote za ndani, zingefunika uwanja wa mpira! Na huyu Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Nyumbani kwao walikaa chumba kimoja na mifugo, na maji hayakuwa ya kila siku. Wewe unayesema kwamba kemia ni ya watoto wa shule kubwa za mabweni, hebu fikiria hilo tena.

Sasa unganisha hayo mawili, gesi na vitundu. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, mwanakemia Russell Morris na wenzake walijaza naitriki oksaidi ndani ya zeolaiti na ndani ya viunzi vya metali. Mwaka 2008 walieleza kuhusu viunzi vya nikeli na kobalti ambavyo huishika gesi kwa nguvu vikiwa vikavu, kisha huiachilia vikikutana na unyevu. Molekuli ya maji huingia, humsukuma mpangaji wa zamani nje, na kukaa mahali pake. Kidonda huwa na majimaji siku zote. Kwa hivyo ni kidonda chenyewe kinachofungua mlango wa ghala. Mimi niliposoma hayo nilitulia kimya. Ni akili ya ajabu!

Sasa naja kwenye sababu ya kusema kwamba jambo hili ni letu sisi.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii akipima damu. Aliona kwamba chembechembe za selimundu ni nyingi kwa watu wa kandokando ya ziwa na wa pwani, na ni chache sana kwa watu wa milimani. Mwaka 1954 akaeleza sababu yake. Mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hulindwa asiuawe na malaria. Huku kwetu mbu hawajawahi kupumzika, kwa hivyo urithi huo ukabaki na kuenea. Lakini mtoto akirithi kwa wazazi wote wawili, ni taabu. Chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, hukwama mishipani na kuvunjika mapema.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo mawili yanapokutana. Chembe nyekundu zikivunjika, himoglobini humwagika ndani ya maji ya damu. Himoglobini hiyo iliyopotea njia huinyakua naitriki oksaidi yote inayoikuta. Mishipa hubaki bila mjumbe wake. Ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wa selimundu kupata vidonda karibu na kifundo cha mguu, vidonda ambavyo hukaa miezi, hata miaka. Kidonda hufunga, nyumbani mnashukuru Mungu, halafu kinafunguka tena. Waswahili walikipa jina lake kabisa, donda ndugu. Kwa maneno mengine, gesi ambayo Morris na wenzake waliitia ndani ya unga ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili wa mgonjwa wa ziwani unapungukiwa nayo. Ikiwa hilo halitoshi kutufanya tuamke, sijui ni nini kitatuamsha.

Nina binamu yangu huko ujombani, upande wa Homa Bay. Ana selimundu, na ana kidonda kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kwa mwaka wa tatu sasa. Alikuwa ananishinda hisabati, nakiri. Wanafunzi walipoanza kufunika pua akipita, aliacha shule. Siku hizi hukaa ufuoni akishona nyavu za wavuvi, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyofudikizwa ili usivimbe. Hakuna mtu aliyemfukuza. Kidonda ndicho kilichomfukuza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Si yeye peke yake mwenye vidonda, najua. Wapo wazee wa kisukari wenye vidonda vya nyayo. Wapo vijana wa migodi ya dhahabu kule Nyatike wanaopasuliwa na mawe, na sisi tunaochomwa ndama za miguu na bomba la moshi la bodaboda. Lakini jeraha la mtu mwenye afya, likioshwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa safi, kwa kawaida hupona lenyewe. Ninaowatetea zaidi ni wale ambao wameosha na kufunga, wameosha na kufunga, na bado.

Je, kuna ushahidi wowote kwamba gesi hii husaidia ngozi? Upo, ila ni wa mwanzo. Mwaka 2004 madaktari walitangaza kwamba waliijaribu Ghana, kwa kutumia krimu inayotengeneza naitriki oksaidi, juu ya kidonda cha Buruli. Jina la kidonda hicho lilitoka kwa majirani zetu Uganda, eneo la Buruli. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitangaza jaribio la krimu ya sodiamu naitraiti kwa watu 18 wenye selimundu na vidonda vya miguu. Krimu haikuleta madhara makubwa, na vidonda vilipungua zaidi kadiri kipimo kilivyoongezwa. Januari 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka inayotoa gesi hiyo, lakini hiyo ni ya vipele vya virusi, si ya vidonda. Unga wa vitundu wenyewe ungali zaidi mikononi mwa watafiti. Sisemi kwamba dawa imepatikana. Nasema njia imeonekana, na sisi hatumo njiani.

Najua mtanipinga, na ni haki yenu. Wa kwanza atasema, "Vituo vyetu vya afya hukosa hata pamba, wewe unatuletea habari za viunzi vya kobalti!" Ndugu yangu, pamba ni lazima, na anayeisahau pamba hajui anachosema. Lakini ni nani aliyesema maskini hudai kitu kimoja kwa wakati mmoja? Wazee wetu walipokuwa wakililia zahanati walililia na shule. Tena donda linalofungwa kwa pamba miaka mitatu bila kupona limekula pamba kiasi gani, na nauli kiasi gani? Dawa inayolifunga ndiyo itakayookoa pamba.

Wa pili atasema, "Watatugeuza panya wa maabara." Huyu simlaumu, maana Afrika imeona mengi. Lakini jibu lake si kufunga mlango, ni kusimama mlangoni. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia wamelirekebisha mara kadhaa, linataka mgonjwa aelezwe na akubali kwa hiari yake mwenyewe. Linataka pia ifikiriwe mapema jinsi walioshiriki watakavyopata dawa ikionekana inafaa. Basi tuseme: maelezo yatolewe kwa Kiswahili na Kijaluo, si kwa Kiingereza cha mahakamani, na makubaliano ya bei yaandikwe kabla mtu hajakunja suruali.

Wa tatu ni wale wa sayansi, nao wana hoja nzito. Nikeli na kobalti zinaweza kudhuru ngozi. Gesi ikizidi ni sumu. Unga ukipata unyevu kabla ya kutumika, ghala inakuwa tupu. Yote ni kweli. Ndiyo maana watafiti wanajaribu pia metali kama zinki. Na hilo la unyevu ndilo linalonipa nguvu zaidi, kwa sababu nani atajua kama paketi hiyo itadumu katika joto letu na mvuke wa ziwa, ikiwa haijawahi kukaa katika kabati la zahanati ya ufuoni? Dawa inayofaa Homa Bay ni lazima ipimwe Homa Bay.

Basi napendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwa wakubwa wetu. Tuna Chuo Kikuu cha Rongo ndani ya Migori, Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, na Maseno si mbali. Wanakemia wao na madaktari wa hospitali zetu za kaunti washirikiane na hao wa ng'ambo, wasingoje kualikwa. Wagonjwa wa selimundu wa kanda hii wahesabiwe katika majaribio ya kwanza, si ya mwisho.

La pili ni kwa walimu wetu wapendwa, kwa heshima zote. Mkifika kwenye naitriki oksaidi, tafadhali msiishie kwenye moshi wa magari na mvua ya asidi. Dakika tano tu za kutuambia kwamba gesi hiyo imo mishipani mwetu zitafanya wengi wapende kemia. Swali la mtihani litapita, lakini hilo halitasahaulika.

La tatu ni kwetu wanafunzi. Hiyo dawa haijafika, kwa hivyo mtu asidanganyike kutengeneza gesi nyumbani amwagie mgonjwa. Huo ni uuaji. Na vile vile tuwakataze wanaotia vidondani unga wa betri, samadi, mafuta ya taa au dawa ya meno. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, na kisipopona kwa wiki mbili mtu apelekwe kwa daktari. Mwenye selimundu asingoje hata hizo wiki mbili. Tupimwe damu tujue hali zetu kabla ya kuoa na kuolewa. Tena tukome kuwafunikia pua wenzetu wenye vidonda. Kitu hicho hakihitaji Tuzo ya Nobel.

Nimesema mengi, naomba radhi kama nimewachosha. Lakini mwakani kuna mtu wa darasa hili atakayejaza fomu ya kuchagua kozi ya chuo kikuu, akibabaika aandike nini. Naomba mmoja wetu, hata mmoja tu, aandike kemia. Mitungi ya nyanya zetu imekuwa ikitufundisha somo la vitundu miaka yote hii, na watu wa kulitumia somo hilo juu ya kidonda ni sisi.